Kamera Moja, Miili Miwili: Mini 4 Pro au Air 3?

Mpwa wangu anapiga video za harusi kule Busia, upande wetu wa mpaka, Uganda. Juzi alinitumia picha mbili za droni kwenye WhatsApp, na baada yake ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ukiuchuja wote unabaki na swali moja: "Shikamoo mjomba. Hizi mbili si zina kamera ile ile? Sasa mbona hii moja inataka kunifilisi?"

Picha ya kwanza ilikuwa DJI Mini 4 Pro, ya pili DJI Air 3. Zote ni za mwaka 2023: Air ilitoka Julai, Mini ikaifuata Septemba. Ukiziona kwa mbali ni kama mtu na mdogo wake. Na kwa kuwa matoleo mapya yameshazipita, hizi mbili ndizo zinazouzwa sasa mkono kwa mkono, kwa bei ambayo mtu anaweza kukaa akaijadili. Siku ile nilimjibu kwa maneno mawili kwa sababu nilikuwa naendesha. Jibu refu ndilo hili.

Kwanza, yuko sahihi. Kamera kuu ya droni hizi ni moja kwa kila hesabu inayohusu macho. Kihisi cha mwanga ni cha inchi 1/1.3 kwenye zote mbili. Lenzi ni pana, sawa na milimita 24 kwa vipimo vya kamera kubwa, na tundu lake la kuingizia mwanga ni f/1.7, haliongezeki wala halipungui. Picha za mnato ni megapikseli 48. Video ni 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, au 100 ukitaka mwendo wa taratibu. Rangi ni za biti 10 kwa wale wanaopenda kuzipika wenyewe kwenye kompyuta. Hata kiwango cha juu cha data, megabiti 150 kwa sekunde, ni kile kile. Niliwahi kuchanganya vipande vya zote mbili kwenye video moja ya mahafali. Nilipoitazama tena baada ya miezi kadhaa sikuweza kusema kipi kilitoka wapi mpaka nilipoangalia majina ya mafaili.

Tundu lisilofungika lina adha yake hapa karibu na ikweta. Ukirekodi kwa fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) inafaa iwe 1/50 ya sekunde ili watu wakitembea waonekane wanatembea, wasionekane wanarukaruka. Saa saba mchana, juani, f/1.7 na shata ya 1/50 vinakupa picha nyeupe kama karatasi. Lazima uivishe lenzi vioo vyeusi, vile vya ND. Vya Mini haviingii kwenye Air, wala vya Air kwenye Mini, lakini utavinunua hata ukichagua ipi. Hapo hakuna mshindi.

Tofauti inaanzia kwenye mizani. Mini ina gramu 249, Air ina 720.

Namba hiyo ya 249 ina historia. Marekani na Ulaya wamechora mstari kwenye gramu 250, na droni iliyo chini yake hupunguziwa masharti. Watengenezaji wakapunguza kila kilichopunguzika mpaka mzani ukasoma 249. Matangazo yote ya Mini yanaanzia hapo, na sisi tunaimeza sifa hiyo kutoka YouTube bila kutafuna. Hapa Uganda mwenye neno ni UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na vyombo vya usalama navyo sharti viridhie. Kibali huombwa kabla droni haijaingia nchini, na kuirusha nako kuna ruhusa yake. Ukitaka kurusha ndani ya hifadhi kama Murchison au Queen Elizabeth, unabisha hodi kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori, pia. Mimi sijawahi kumwona afisa wa forodha pale Entebbe akitoa mzani apime kama droni ya mtu imezidi gramu moja. Anauliza karatasi. Jamaa yangu mmoja aliingia na ya gramu 249 akiwa na imani yote duniani. Akaiacha pale pale, akarudi nyumbani na begi tupu.

Kwa hiyo usizilipie gramu 249 kama hirizi ya sheria. Zina faida nyingine: unapanda nazo boda begi likiwa mgongoni na hujisikii umebeba kitu, na Mungu apishe mbali ikianguka, kinachoanguka ni kitu chepesi kuliko pakiti ya nusu kilo ya sukari. Hilo la mwisho si la mzaha kwa mtu anayefanya kazi kwenye sherehe. Juu ya vichwa vya watu droni hairushwi, iwe nyepesi iwe nzito, lakini upepo na betri havisomi kanuni.

Sasa kwenye sherehe zenyewe ndipo Air inapojibu, kwa sababu Air ina jicho la pili. Juu ya lenzi pana kuna nyingine ya milimita 70, f/2.8, nayo ina kihisi chake cha inchi 1/1.3. Hii si ile zumu ya kukata picha katikati na kuivuta, ambayo Mini nayo inayo. Ni lenzi kamili. Fikiria kwanjula ya Kampala, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi. Mahema yanatazamana, katikati kuna uwanja, mabinti wanaingia kwa mstari na gomesi zao, na wasemaji wa familia mbili wanatupiana maneno kwa kipaza sauti. Ukitaka bibi harusi na mstari wa mabinti wake wajae kwenye fremu kwa Mini, itabidi uishushe mpaka mita kama kumi kutoka alipo. Kila mtu atageuka kuitazama. Msemaji atanyamaza. Shangazi mmoja atashika kichwa chake asije akapeperushiwa kilemba. Kwa lenzi ya milimita 70 unapata fremu ile ile ukiwa karibu mita 29, nyuma ya hema, na nusu ya wageni hawajui kama kuna droni.

Tena lenzi hiyo inabadilisha sura ya mahali. Lenzi pana husukuma kila kitu nyuma: kilima kinakuwa kichuguu. Lenzi ndefu huvuta cha nyuma kije mbele. Mnara wa msikiti wa Old Kampala ukiupiga kutoka mbali kwa milimita 70, nyumba za mteremkoni zinapandiana nyuma yake kama viti vya uwanjani. Mini haiwezi kukupa picha hiyo kwa ukali huo hata uirushe vipi. Kama kazi yako ni wanyama, majengo au matangazo ya hoteli, unaweza kuacha kusoma hapa ukanunue Air.

Mpwa wangu lakini hauzi picha za minara. Anauza vipande vya sekunde thelathini ambavyo bwana harusi ataviweka TikTok na kwenye status kabla wageni hawajamaliza wali. Vipande hivyo ni vya wima. Na hapa yule mdogo anampiga chenga kaka yake: gimbali ya Mini, yaani kishikio cha kamera, inageuza kamera nzima digrii 90, ikalala ubavu, ukapata 4K kamili ya wima. Air haigeuki. Inakata kipande cha wima ndani ya picha ya mlalo na kukupa 2.7K. Kwenye simu tofauti hiyo ya ukali wa picha haionekani sana, nakubali. Kinachoonekana ni nafasi. Kamera ikigeuka unapata mnara wote, kanisa lote, mti wote toka shina hadi kilele, bila kurudi nyuma. Mimi nina Air, na kila wiki kuna mteja anayenifanya nitamani ya pili.

Upepo ndio nataka nikae nao kidogo, kwa sababu kwenye karatasi unadanganya. Mini inaandikiwa kwamba inastahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, Air mita 12. Msomaji anaona 10.7 na 12, anasema ni yale yale. Siyo. Kustahimili maana yake ni kubaki hewani bila kuchukuliwa. Kurudi nyumbani ni habari nyingine.

Niliwahi kuazima Mini ya rafiki tukaenda Majanji, kwenye fukwe za Ziwa Viktoria, alfajiri. Nilitaka kupiga mitumbwi ya mukene, dagaa wa ziwani, ikirudi, taa zikiwa bado zinawaka na mbingu imeanza kupauka. Mchana upepo wa ziwani hutoka majini kuja nchi kavu. Usiku mpaka alfajiri hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda majini. Watu wa pwani ya bahari huuita umande. Siku hiyo kulikuwa kumenyesha bara, umande ukaja na nguvu zake. Droni ikaondoka kuelekea ziwani kama imesukumwa na mkono. Raha tupu. Picha nilizipata. Nilipoigeuza ndipo nikajua nimekwenda na upepo na sasa narudi mbisho. Nilikuwa nimeipeleka kama mita 800, na zile namba za umbali kwenye skrini zilikuwa zinapungua moja moja, kama mtu anayehesabiwa deni.

Piga hesabu. Tuseme upepo ni mita 8 kwa sekunde. Katika mwendo wa kawaida Mini hufikia mita 12 kwa sekunde. Toa 8, zinabaki 4. Mita 800 kwa mwendo wa 4 ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu, na mota zinalia muda wote. Air mwendo wake wa kawaida hufikia 15. Zinabaki 7, na unafika kabla ya dakika mbili. Ukiziweka zote kwenye hali ya spoti, Mini ina 16 na Air 21: sekunde 100 dhidi ya 62 hivi. Kwa hiyo ile tofauti iliyoonekana ya kijinga kwenye karatasi inageuka kuwa karibu mara mbili pale unapoihitaji. Mimi niliokolewa na mambo mawili: niliiweka spoti, na niliishusha chini kwa sababu karibu na maji upepo huwa mdogo. Ilitua na asilimia 9 ya betri. Mwenye droni alikuwa amesimama pembeni yangu na hakusema neno lolote mpaka tulipofika kwenye chai.

(Ukiishusha juu ya maji, usiishushe mno. Vihisi vya chini husoma ardhi ili droni ijue iko wapi, na maji yanayocheza huvichanganya.)

Kwenye mwinuko Air inashinda bila ubishi. Mini inaruhusiwa kupaa kutoka sehemu zisizozidi mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, Air mita 6,000. Kampala iko kwenye 1,200 hivi, Kabale karibu 2,000, huko kote zote zinapeta. Lakini Wagagai, kilele cha Elgon, ni mita 4,321, na Margherita kwenye Rwenzori ni 5,109. Kama una kazi ya kupeleka wapanda milima juu kabisa, Mini itakuishia njiani. Ni watu wachache wenye kazi hiyo, na wao wanajijua.

Vihisi vya vizuizi siviongelei sana ingawa ndivyo vinavyopigiwa ngoma kwenye matangazo. Kwenye zote mbili vinatazama kila upande, na kwenye zote mbili vina upofu ule ule: havioni waya mwembamba, na havioni gizani. Sasa hesabu nyaya zilizopita juu ya ua wowote wa Bweyogerere, ongeza kamba za mahema, ongeza kwamba sherehe zetu hunoga jua likishazama. Tumia macho yako. Na uangalie juu pia, mwewe wa Kampala hawapendi wageni. Akikushukia, pandisha droni juu haraka, maana yeye hushambulia kwa kushuka.

Turudi kwenye mfuko, kwa sababu ndiko swali lilikotoka. Bei za uzinduzi kule Marekani zilikuwa dola 759 kwa Mini 4 Pro na dola 1,099 kwa Air 3, kila moja ikiwa na betri moja na rimoti isiyo na skrini, ile ya kuchomeka simu yako. Watu wanalinganisha namba hizo mbili na kuishia hapo. Lakini tazama seti kubwa ya Mini: betri tatu, chaja ya betri tatu, begi, mapanga ya akiba (yale mabawa yanayozunguka), na rimoti ya RC 2 yenye skrini yake. Bei yake ilikuwa dola 1,099. Senti kwa senti sawa na Air iliyo peke yake. Kwa shilingi 3,700 kwa dola ni kama milioni nne na elfu sitini hivi, kabla URA, mamlaka ya mapato, hawajataka chao, na VAT peke yake ni asilimia 18. Bei za leo zimeshuka na zinacheza, lakini uwiano huo nauona bado madukani.

Kwa hiyo mwenye milioni nne anachagua kati ya siku mbili za kazi. Siku ya kwanza ana Air na betri moja. Kampuni inaandika dakika 46. Hizo ni za kuruka bila upepo mpaka betri iishe kabisa, na hakuna mwenye akili anayeisubiri iishe. Mimi napata 33 hivi, kisha natua, na sherehe ndiyo kwanza bwana harusi anafika. Siku ya pili ana Mini na betri tatu. Kila moja imeandikwa dakika 34, zichukulie 22 za kweli. Mara tatu, zaidi ya saa nzima hewani, na moja inachajiwa huku nyingine inafanya kazi. Chaja hizo hujaza betri moja baada ya nyingine, si zote kwa mpigo, kwa hiyo umeme ukikatika saa nne asubuhi utajua mapema jenereta ya hema utaiomba saa ngapi. Chaja ya Air ina ujanja mmoja mzuri: inaweza kukusanya mabaki ya chaji ya betri nyingine na kuyamimina kwenye moja. Ila ujanja huo ni wa mwenye betri zaidi ya moja.

Skrini nayo si anasa. Simu juani inakuwa kioo cha kujitazama, na ikipata joto inafifia yenyewe wakati droni iko angani. Isitoshe mama mkwe anapiga katikati ya kurusha. Kama utabaki na rimoti ya kuchomeka simu na simu yako ni Android, fahamu kwamba programu ya DJI Fly haiko Play Store; inapakuliwa kwenye tovuti ya DJI yenyewe. Fanya hivyo nyumbani, si kwenye uwanja wa harusi kwa bando la elfu moja.

Kuna na haya madogo ambayo hayafiki kwenye jedwali la sifa. Mapanga ya Air unayabonyeza na kuyazungusha, yanatoka. Ya Mini yamefungwa kwa skrubu ndogo kama mbegu ya nyanya, na unazifungua kwa bisibisi ndogo iliyokuja kwenye boksi. Siku moja nilibadilisha panga la Mini nikiwa nimechuchumaa kwenye nyasi. Skrubu ikaruka. Watoto sita wa jirani, kila mmoja na tochi ya simu ya mzazi wake, walitafuta mpaka magharibi. Tuliipata kwenye pindo la suruali yangu. Tangu siku hiyo kazi hiyo naifanyia kwenye sinia.

Ukinunua ya mkononi, usitoe hela kabla muuzaji hajaiondoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, na wewe ukaifungua kwenye yako. Droni iliyobaki kwenye akaunti ya mtu mwingine inaweza kukusumbua. Iwashe, ipaishe mita mbili, iache ielee dakika tano na uone kama inatulia au inatangatanga. Geuza gimbali juu na chini. Ikitetemeka, hiyo imeshaanguka, hata kama muuzaji ataapa kwa watoto wake. Na mvua: hakuna kati ya hizi iliyotengenezwa kulowa.

Kuhusu kusubiri matoleo mapya: Air 3S ilikuja Oktoba 2024 na kihisi kikuu cha inchi moja, na Septemba 2025 Mini 5 Pro nayo ikapewa kihisi cha inchi moja. Yaani mkubwa na mdogo wameanza upya mashindano yale yale, mmoja na lenzi yake ya pili na uzito, mwingine na wepesi na picha za wima. Mwenye milioni za kuongeza aongeze, ila maswali atakayojiuliza ni haya haya.

Mpwa wangu nimemwambia anunue Mini, seti kubwa, na Air aifikirie siku hoteli ya kwanza itakapompigia simu. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, nikajua alikuwa ameshaamua kabla hajaniuliza. Hela anazo. Kinachosubiriwa ni barua ya kibali, na nimemkataza kumwagiza mtu yeyote wa safari mpaka barua hiyo iwe mkononi. Jana usiku alituma ujumbe mwingine, huu wa sekunde sita tu: "Mjomba, na sinia ninunue la ukubwa gani?"